Siku Niliyomshinda Bibi Yangu Mbio

Ndugu zangu na dada zangu, asanteni kwa kunipa hii nafasi. Nilimwomba mwenyekiti wa kikundi chetu dakika kumi na nikamwambia asiniulize nataka kusema nini, kwa sababu angeuliza, ningerudi nyumbani.

Wengi wenu mlipanda mpaka kwetu Keringet tukamzika bibi yangu, mke wangu. Mlisimama kwa matope, mvua ikiwanyeshea, mkanisikia nikisoma wasifu wake. Nilisema alianguka tukikimbia pamoja, na kwamba alifia mikononi mwangu. Kuna mama hapa alilia mpaka akashikiliwa. Ndugu zangu, huo ulikuwa uongo. Nilikuwa nimemwacha nyuma.

Hebu nianze pale ilianzia. Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo, kazi ya kusimama nyuma ya kaunta, na hili tumbo mnaliona. Daktari aliniambia sukari imepanda, na nisipofanya mazoezi nitakiona cha mtema kuni. Nikajiandikisha nusu marathoni, zile mbio za kilomita ishirini na moja. Bibi yangu alikuwa mwalimu wa nasari. Akasema atafanya mazoezi na mimi, kwa sababu ananijua, nikienda peke yangu nitaishia kwa kibanda cha chapati.

Sasa mnajua mimi ni Mkalenjin, kabila la wakimbiaji, na yeye alikuwa Mluhya wa Bungoma. Hapo ndio shida ilitoka. Kufikia wiki ya tatu alikuwa ananiacha, na sio kidogo. Tukitoka nyumbani Section 58, hapa Nakuru, kupanda upande wa Bahati, yeye anaenda akicheka na kusalimia watu, mimi nafuata nikipumua kama pampu mbovu. Majirani wakapata kazi. "Niaje, champion! Leo tena umeachwa?" Vijana wa kuosha magari nao, "Mzee, hebu tuone kitambulisho, kweli wewe ni Mkale?" Hata nyumbani Keringet walisikia, binamu zangu wakanicheka mpaka wakakaa chini.

Nilicheka na wao. Lakini nawaambia ukweli, iliniuma. Watu wakiamini umezaliwa na kitu, na wewe huna, unaona haya hata mbele ya bibi yako. Na yeye hakuwahi kunicheka kwa hiyo. Alikuwa akifika juu ananingoja na chupa ya maji.

Jumamosi moja asubuhi tulitoka kukimbia kilomita kumi na nane, kwenda na kurudi kwa barabara ile ile. Kama kilomita ya saba hivi, akapunguza mwendo. Akaniambia, "Mzee, hebu tutembee kidogo. Kifua kinanibana."

Nikamwangalia. Alikuwa na jasho jingi, lakini alikuwa anatabasamu. Nikaona ni huruma, anataka kuniachia nishinde. Nikamwambia, "Usinihurumie. Leo ni wewe utanifuata." Nikaenda.

Na sitawaficha, nilifurahi. Nilikimbia vile sijawahi kukimbia maisha yangu yote. Nikafika pale huwa tunageukia, nikasimama nimngoje, aje anione. Dakika tano. Kumi. Nikaanza kurudi, bado napanga maneno ya kumtania.

Nilikuta watu wamesimama kwa kibanda cha mama mmoja anayeuza maziwa. Bibi yangu alikuwa amelala chini, kichwa chake kwa mapaja ya huyo mama. Alikuwa ameshaenda. Nikamnyakua, nikakataa kumwachilia. Pikapu ikatupeleka hospitali, na kila mtu wetu aliyefika alinikuta nimemshika. Wakasema, "Angalau alikuwa na wewe." Siku ya kwanza sikujibu. Siku ya pili nikaitikia kwa kichwa. Kufikia mazishi nilikuwa nimeiandika kwa karatasi.

Daktari alisema ni moyo, ulikuwa na shida ya siku nyingi na hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Watu hunikumbusha hiyo kunifariji. Hainifariji.

Mwaka mzima sikupita ile barabara. Niliacha kuja hapa. Mlipokuja kuniona, mkaniambia nilikuwa bwana mzuri, nilikuwa natoka kama naenda kukata kuni, kumbe naenda kujificha nyuma ya tenki la maji. Dawa za sukari nikaacha. Msifikirie nilisahau. Sikutaka kuendelea kuishi, ndugu zangu, na leo nalisema.

Asubuhi moja nikafikiria yule mama wa maziwa. Sikuwa nimemwambia hata asante. Nikaenda kwa miguu, nikipumzika kila mahali. Aliponiona akafuta kiti na leso yake. "Ni wewe, mzee. Nimekungoja sana." Akanipa chai. Nikamuuliza kama bibi yangu alisema kitu.

Akanijazia kikombe tena. Halafu akasema, "Aliniuliza kama nakuona huko mbele. Nikamwambia hapana, umeshapita kona. Akasema, 'Basi leo anakimbia vizuri.' Alifurahi, mzee. Ni hiyo tu."

Nililia pale barabarani, mtu mzima na kikombe mkononi. Nikajua siwezi kubaki na hiyo peke yangu. Mwenye haki ya kuisikia alikuwa mama yake.

Sasa kwao Bungoma, mkwe na mama mkwe hawaangaliani uso kwa uso. Hamkai chumba kimoja, hampeani mkono. Kwa hivyo mimi nilikaa sebuleni, mama akakaa jikoni, na shemeji yangu akaweka stuli mlangoni, katikati yetu. Nilimwambia shemeji yote, nikijua mama anasikia. Nilimwambia vile nilifurahi pia. Shemeji alijifunika uso. 

Kutoka jikoni mama akamwambia, "Mwambie hivi. Uongo aliusema kwa maiki, watu wote wakasikia. Ukweli ameuleta hapa kwa mlango. Aurudishe kwa maiki." Halafu akasema, "Na huyo mama wa maziwa, nataka kumwona."

Tulimleta mama mkwe hapa Nakuru. Alimletea yule mama kuku wawili. Akashika mikono yake, akaigeuza mbele na nyuma, akauliza, "Ni hii ilimshika?" Akaambiwa ni hiyo. Mimi nilisimama mbali, ng'ambo ya barabara, kama inavyotakiwa. Kama amenisamehe, sijui. Sijamuuliza, na sidhani ni kitu cha kuuliza.

Nilirudia dawa. Nilirudia mazoezi pia, polepole. Mwezi uliopita nilimaliza ile nusu marathoni, karibu wa mwisho, kwa sababu kila aliyesema amechoka nilitembea naye mpaka apate nguvu. Wengine walinishangaa.

Namshukuru mama wa maziwa. Namshukuru shemeji, aliyekaa kwa ile stuli akabeba maneno mazito ya watu wawili. Namshukuru mama mkwe, aliyenituma hapa. Na nyinyi nawashukuru, ingawa mlinifariji kwa kitu ambacho hakikuwa kweli. Kama nina funzo, ni hili: mtu wako akikuambia anaumwa, amini, hata kama anatabasamu. Na kama una uongo ambao watu wanakupendea, utakumaliza.

Kitu cha mwisho, naomba. Msiniambie tena angalau nilikuwa naye. Tukikutana, niulizeni tu alikuwa mtu wa aina gani. Hapo nina mengi ya kuwaambia, na yote ni kweli.