Malengelenge ya Mtoto wa Mti

Kengele ya boma la serikali kule mjini ilikuwa ndiyo kwanza imelia saa tatu asubuhi nilipoingiza bakuli la uji katika nyumba ya mwali na kumkuta binti yangu hafungui macho. Hakuwa amelala. Kope zilikuwa zimevimba zikafungana, na shavu la kushoto limejaa malengelenge madogo kama punje za mtama. Akaniuliza, "Mama, ni mchana?" Nikaliweka bakuli chini kabla halijaniponyoka.

Ndugu zangu, akina mama wa chama hiki, mmenizoea mimi kama mtu wa kupima maharage sokoni na kusoma kwa sauti herufi za magunia ya stesheni, herufi ambazo nilijifundisha mwenyewe kwa kuzitazama. Leo nimeombwa niseme ya nyumbani kwangu. Nitayasema kwa mpangilio wake. Majina nitayaacha, kwa sababu wengine wamo humu ndani.

Kila mmoja wetu amewahi kuwekwa ndani, kwa hiyo sitaeleza mengi. Mwali hupewa mtoto wa mti, sanamu ndogo ya kuchongwa, amlee. Anamlaza kifuani, anampaka mafuta ya nyonyo asubuhi na jioni, anamsuka nywele, anamfunika. Akimlea vizuri, kesho atazaa. Ukoo wetu ulikuwa na mtoto wa mti wa zamani, aliyeshikwa na bibi yangu, akashikwa na mama yangu, nikamshika mimi. Lakini kaka yangu, ambaye ndiye mjomba mwenye sauti juu ya watoto wangu, alimuuza kwa Mzungu aliyepita milimani akikusanya watoto wa mti na kuwalaza katika sanduku lenye nyasi. Binti yangu alipovunja ungo, kaka akaleta mwingine, mweusi, anang'aa, ukimtazama unadhani ana umri wa mlima.

"Si yuleyule?" akasema. "Tena huyu ana shingo nzuri zaidi."

Sikupenda, lakini nilimpokea. Mwali alikuwa ameshaingia ndani, na mwali hakai mikono mitupu.

Muwasho ulianza mikononi. Ukapanda kwenye kifua, ukafika shingoni, mwisho usoni, asubuhi ile niliyowaambia. Nilimwita kungwi wetu. Ni mama mtu mzima, amefunda nusu ya mabinti wa upande wetu wa mlima, na hana maneno mengi. Alimtazama mwali, akamtazama mtoto wa mti, akanitoa nje.

"Mtoto anamkataa," akaniambia.

"Anamkataa vipi, Bibi?"

"Anamsukuma. Huoni vidonda viko wapi? Pale anapomlaza. Binti hamlei kwa moyo. Aongeze mafuta, amkumbatie zaidi. Mwezi mpya ukiandama na hali ikiwa hivi, itabidi niwaambie wakubwa, na upande wa mchumba nao waambiwe."

Nyote mnajua maana yake. Binti anatolewa ndani bila ngoma, posa inarudishwa, na jina la mgumba linamtangulia kila kijiji kabla hata hajajaribu kuzaa. Nilikuwa na binti huyo mmoja tu. Wengine ni wavulana, na kwetu Waluguru ukoo haupiti kwa wavulana. Kwake yeye ndipo ungepita ukoo wa mama yangu, au ndipo ungekatika.

Basi tukafanya tulivyoambiwa. Mafuta yakaongezwa, mtoto wa mti akalazwa kifuani mchana kutwa. Binti yangu ni mtiifu. Alimkumbatia huku akilia, machozi yakipita juu ya malengelenge yakimchoma. Kila nilipoingia alikuwa mbaya kuliko nilipotoka. Kaka akaleta mganga, tukachinja mbuzi. Vidonda vikaanza kutoa maji.

Ndugu zangu, nawaambia, hofu ina kelele nyingi. Inakwambia ukimbie huku na huku, ushike hiki na kile. Mimi nilijilazimisha nibadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, kama ninavyofanya sokoni pishi ya mtu ikinitia shaka. Kwanza kaniki yake, kwa kuwa ilikuwa mpya na ilichuja rangi. Nikampa ya kwangu, iliyofuliwa mpaka ikapauka. Hakuna kilichobadilika. Kisha mafuta. Nikakamua nyonyo kwa mkono wangu, nikajipaka mwenyewe kwanza, ngozi yangu ikakaa salama. Kwake hali ikazidi. Kisha nikaondoa karanga katika chakula, kisha samaki. Bado. Kikabaki kitu kimoja tu ndani ya nyumba ile, nacho hakikuwa cha kuondolewa na mama mzazi.

Kila jioni nilikuwa natazama angani upande wa magharibi, naogopa kuona mwezi.

Nilimwendea kungwi akiwa anapepeta mpunga. Nikapiga magoti. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kulia tena?"

"Hapana. Nimekuja kuomba nimshike yule mtoto wa mti."

Akasimamisha ungo. "Wewe umeshatoka ndani siku nyingi. Umezaa, umeota mvi. Unataka nini kwake?"

"Nataka anikatae na mimi."

Akauweka ungo chini. Halafu akainuka, akajipangusa makapi, akatangulia njiani kwenda kwa mwali. Kungwi mwenyewe akampaka mtoto wa mti mafuta, kwa unyoya wa kuku, kama apakavyo dawa, akanilazia ndani ya mkono, chini ya kiwiko, akafunga kwa kitambaa.

"Kaa naye mpaka jua lichwe," akasema. "Asipofanya kitu, usinijie tena na maneno haya."

Jua likachwa, akamfungua. Mkono wangu ulikuwa mzima. Nikarudi nyumbani, wala moto sikuwasha. Usiku ule na siku iliyofuata nilikuwa nakunjua kaniki kila mara kutazama. Sijawahi kumwomba Mungu anipe kidonda, isipokuwa siku ile. Niliomba kama wengine wanavyoomba mvua.

Asubuhi ya pili nikaamshwa na muwasho. Pale pale alipolala, kwa urefu wake uleule, kichwa na kiwiliwili, ngozi ilikuwa nyekundu na malengelenge yamejipanga. Nilicheka peke yangu, mume wangu akadhani nimepagawa.

Nikamwonyesha kungwi. Aliushika mkono wangu, akaugeuza kwenye mwanga.

"Umezaa wangapi wewe?"

"Sita, Bibi. Wanne umenizalisha wewe."

"Basi huyu mtoto hajui kuhesabu," akasema. Ndipo nikafahamu kwamba hata yeye alikuwa anaogopa siku zote zile. Alikuwa ameliweka rehani jina lake la ukungwi kwa binti yangu.

Lakini kujua ni nani hakukutosha. Nilitaka kujua kwa nini. Siku ya soko niliteremka mjini na ndizi zangu, na mama mmoja wa pwani anayeuza nazi karibu nami akauona mkono.

"Mwenzangu, nani kakuchoma na korosho?"

"Korosho gani? Kwetu mlimani hakuna korosho."

"Basi korosho imekufuata. Hayo nayajua mie. Maganda yake yana mafuta meusi, yakikushika, ngozi inaumuka hivyo hivyo. Wapo yasiowafanya kitu, na wapo ambao moshi wake tu unawavimbisha macho. Mie shangazi yangu hakai nyumba inayokaangwa korosho."

Nikaacha ndizi mikononi mwake, nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa vinyago aliyemuuzia kaka yule mtoto wa mti. Nilimkuta ana safu ya watoto wa mti wanakauka juani, wote weusi. Hakuficha kitu. Maganda ya korosho analetewa kutoka pwani kwa garimoshi, anayachoma, anapaka yale mafuta kwa kijiti.

"Wazungu hawataki mtoto mpya, mama," akaniambia. "Wanataka aliyeshikwa na bibi za watu. Sasa bibi nitawatoa wapi? Namtia weusi, wanafurahi."

"Kaka yangu alimnunua kwa ajili ya mwali."

Akaacha kufanya kazi. "Hakuniambia. Huyo sikumchonga wa kushikwa. Nilimchonga wa kutazamwa." Akasema atamchongea binti yangu mtoto mwingine, wa mbao tupu, bila kitu.

Lakini mwezi haukungojea fundi. Ulikuwa umebaki kama uzi. Kungwi ndiye aliyetuokoa hapo. Alisema mwaka wa njaa, yeye alipokuwa mwali, watu waliuza kila kitu, na yeye alilea gunzi la muhindi lililovikwa kitambaa. Amezaa, tunamwona. Akachukua gunzi jikoni kwangu, akalivika, akalitia shanga, akampa binti yangu kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mtoto. Yule mweusi akatolewa nje. Tukamwosha mwali kwa sabuni na maji mengi, tukaacha kupaka mafuta yoyote.

Uvimbe ukashuka jicho moja, kisha la pili. Mwezi ulipoandama, kungwi aliuona uso unaomenyuka ngozi kavu, akawaambia wakubwa kwamba mwali yuko salama na mtoto wake anamlea. Alitoka kwa ngoma. Wengi wenu mlicheza.

Namshukuru kungwi wangu, aliyekubali kuulizwa. Namshukuru mama wa nazi, na fundi aliyesema kweli bila kubembelezwa. Namshukuru binti yangu kwa kuvumilia. Ninyi mnaongojea kuingiza mabinti ndani, nawaomba hili: binti akiugua, msianze na moyo wake. Anzeni na vitu vinavyomgusa, kimoja baada ya kingine, na mvijaribu kwenye ngozi zenu.

Mtunza hazina ameniuliza hasara ilikuwa kiasi gani, ili wengine wajue. Mbuzi, mganga, mafuta, sabuni, na mtoto wa mti aliyenunuliwa: jumla rupia tisa na hela arobaini.