Udongo Aliokataa Kuulima

Asubuhi hizi uani kuna kimya. Rola la chuma ambalo marehemu alilivuta kila msimu, likigongagonga mpaka majirani wakalalamika, limeegemea ukuta wa banda. Hakuna aliyeligusa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kitinda mimba wa dereva wa trekta na mkunga. Alisoma mpaka kidato cha nne. Baba alipofariki, masomo yakaishia hapo. Kaka yake mkubwa akamkabidhi usukani, na kwa miaka mingi ndugu hao wawili waliwalimia watu mashamba kwa plau moja.

Mwaka 1989 alimwoa fundi cherehani aliyemshonea suruali ikawa fupi, akaivaa hivyohivyo ili apate sababu ya kurudi. Walijaliwa binti na mtoto wa kiume.

Mvua za mwaka 2004 zilishusha udongo wa shamba lao, lililokuwa limetoka kulimwa, mpaka sebuleni. Mke aliuzoa kwa koleo kutwa nzima. Mume alisimama mlangoni akitazama, na hakushika plau tena. Akaanza kupanda rai, nafaka ndefu ya jamii ya ngano, si ya kuvuna bali ya kuufunika udongo. Ikishachanua, aliilaza chini kwa rola ife isiinuke tena, kisha akapanda soya katikati ya mabua yake bila kulima. Msimu wa kwanza alikosa subira, akailaza kabla haijachanua. Haukupita muda ikainuka yote, ikaisonga soya.

"Mume wangu," mkewe alimwambia, "hata majani hayakusikii?"

Tangu hapo mtaa mzima ulimwita Bwana Majani, naye akaitika.

Kaka yake hakucheka. "Udongo usiolimwa utakuwa sakafu," alisema. Tangu siku hiyo hawakulima pamoja, wala kula pamoja.

Januari mwaka huu maradhi ya ini yalimlaza marehemu kitandani. Msimu ulipokaribia, kaka alifika getini na plau nyuma ya trekta.

"Shemeji, nifungulie. Mtakula nini?"

"Muulize mwenyewe, shemeji."

Akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mdogo wangu, nikulimie?"

"Subiri rai ichanue, kaka. Uilaze."

"Na ukituacha kabla?"

"Basi utaichungulia wewe."

Kaka akainuka, akaondoka. Plau ikabaki nje ya geti. Marehemu alifariki alfajiri ya tarehe 14 Aprili, rai ikiwa bado haijatoa ua.

Ameacha mjane, binti muuguzi, mwana fundi wa kuchomelea vyuma, wajukuu watatu, na kaka.

Jana kaka alichimba kaburi mwenyewe, akakataa kupokewa. Alikuwa amebeba sururu. Hakuihitaji, koleo lilizama lote kwa msukumo mmoja wa mguu. Akaketi pembeni, udongo mweusi kiganjani. Jioni aliiondoa plau getini.

Mungu ampe usingizi usio na maumivu. Bwana Majani analala kona ya juu ya shamba, mahali pekee palipochimbwa tangu mvua ile, na rai imesimama pande zote.