Papa Adrien Muhindo, Mwenye Mutandao Ulimuzika Angali Muzima

Bapendwa bazazi, bandugu, majirani wa avenue yetu, na ninyi bote mulioacha kazi juu ya kukaa na sisi pa kilio, kwa jina la familia mutasomewa maisha ya Papa Adrien Muhindo, mwenye kuyasoma ni mwipwa wake Chadrack, mutoto wa dada yake, mwenye aliachia shule mwaka wa pili wa secondaire na hata siku moja hajajuta, basi benye diplome beko mule mbele bavumilie kidogo, mambo ya telefone yenye iko ndani ya historia hii haifundishwi ku université.

Papa Muhindo alizaliwa Lubero, Kivu ya Kaskazini, tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka 1959, mutoto wa ine kati ya saba, mu familia ya balimaji wa viazi, akasoma shule ya musingi palepale toka 1965 mupaka 1971, akaendelea secondaire Butembo mupaka 1977, akatoka na diplome ya ualimu, lakini chaki aliishika mwaka mumoja tu, akasema batoto ya bengine banapiga kelele kupita moteri ya camion, akachagua camion, kazi ya kusafirisha muzigo.

Mwaka 1984 aliingia Lubumbashi na muzigo wa maharagi, akapenda muji, hakurudi tena, akafungua dépôt ya maharagi, sukari na unga Kampemba, akawa anashuka Kipushi kununua bintu kwa Bazambia, na mu pillage ya 1991, wakati baaskari balipora muji, dépôt ilibaki kuta ine bila mulango, lakini akaanza tena na mifuko mbili ya chumvi, na mupaka mwisho hakuna mama wa soko mwenye alilalamikia kilo yake, jambo lenye leo hatutaliuliza kwa kila mwenye dépôt aliyekaa hapa.

Tarehe 6 mwezi wa munane 1988 alioa Mama Agnès Kalaba, mutoto wa mufanyakazi wa reli, familia ya Bakatoliki iliyotokea Kongolo, bashemeji bakawa banamucheka kama Munande, ni kusema muntu wa kabila ya Papa, anawaza maharagi hata mu misa, lakini ndoa ilisimama miaka makumi tatu na sita, Mungu akabapa batoto babili, Kyakimwa mwaka 1990 na Caleb mwaka 1994, na Kyakimwa njo mwenye alirudi Kivu, akafanya kazi ya uuguzi Goma toka 2016.

Mama Agnès alitutoka tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 2024, Kyakimwa hakufika ku mazishi sababu njia zilikuwa za wasiwasi, baba yake akakasirika kimya kimya, na sawa vile tunafanyaka sisi bote, mufu akiwa wa kwetu tunaweka foto yake mahali pa foto yetu mupaka kilio kiishe, Papa aliweka foto ya arusi yao na mushumaa pembeni, ku compte yake ya ule mutandao mukubwa wa mazungumuzo, wenye hatutautaja jina sababu haustahili kutajwa mbele ya jeneza, bantu zaidi ya mia ine bakaandika Pumzika kwa amani, balikuwa banamuambia Mama, lakini maneno yalilala chini ya jina la Papa.

Tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025 Goma ikaanguka mu vita, telefone ya Kyakimwa ikanyamaza, siku mbili kisha Papa akafungua pa mutandao uleule kundi yenye jina Tunatafutana, ya benye kutafuta bandugu waliokimbia, kila tangazo alilisoma yeye mwenyewe mbele ya kuliachilia, jina, kijiji, jina la mama, kovu iko wapi, sababu baongo balikuwa bengi, na mu wiki mbili bantu kumi na sita bakaonana, lakini Kyakimwa hakukuwa ndani yao. Chadrack alimuomba basaidiane kuongoza kundi, akajibiwa kama muntu aliyekimbia dictée ya shule hawezi kulinda majina ya bantu, na hapo, kwa heshima yote, marehemu alikosea.

Sababu tarehe 12 mwezi wa pili machine ya ule mutandao ilisoma zile Pumzika kwa amani, ikaamua kama Papa Muhindo amekufa, ikaweka ua pembeni ya jina lake na neno Tunamukumbuka, ikafunga compte, kundi ikafungwa naye, na matangazo mapya yakawa yanaingia na kulala pa mulango bila muntu wa kuyafungulia.

Papa akabaandikia benye mutandao kama yeye muzima, bakamujibu palepale pole kwa musiba, akatuma carte d'électeur yenye foto yake, bakamujibu compte ya marehemu haipewi muntu mwingine, Chadrack, mwenye mu Kampemba yote hakuna anayemupita kwa telefone, akamufungulia compte mupya yenye jina Adrien Muhindo Muzima, ikakaa saa moja, bakaifuta sababu ni vibaya kujifanya marehemu. Ndipo Papa akavaa kostimu, akaenda ku commune kwa karani Adalbert kuomba certificat de vie, ile karatasi bastaafu wa mine ya shaba banapelekaka kila mwaka juu ya kuonyesha kama beko bazima, Adalbert akaipiga muhuri, ikatumwa, na mutandao ukajibu kama karatasi hiyo si yenye inatakiwa, tafazali familia itume acte ya kifo. Hao njo bantu benye kujisifia akili ya dunia nzima, benye banajua viatu utavitamani kesho, lakini muzima na mufu vimebashinda kutofautisha, na ukitafuta kule ndani muntu mumoja mwenye pumuzi wa kuongea naye, haupati hata mulinzi wa mulango.

Papa akarudilia chaki yake ya 1977, akasimamisha ubao pa mulango ya dépôt, akaandika majina yote yenye alikumbuka, la Kyakimwa akaliweka la mwisho.

Kyakimwa alikuwa ametoroka kupitia Bukavu na Uvira, telefone na namba zote alinyanganywa njiani, akapanda meli mupaka Kalemie, akapanga kuvuka Kigoma na kukaa mbali na hasira ya baba yake, lakini pale Kalemie sista mumoja akamuazima telefone, akafungua mutandao amuandikie, akaona ua, mushumaa, Tunamukumbuka, akajua amekosa mazishi mara ya pili. Ijumaa tarehe 4 mwezi wa ine, muchana, akafika hapa Lubumbashi, na sawa desturi inavyotaka kwa muntu mwenye kutoka mbali, kilio akakianzia ku barabara, kitambaa machoni, bila kusalimia, akajitupa ku mukeka, Papa akatambua sauti, akafikiri analilia mama yake, hasira ya miezi ine ikaisha palepale, akakaa pembeni yake akalia naye, kila muntu na mufu wake, mupaka Kyakimwa akasema bila kuinua kichwa:

« Baba, na weye umeenda bila kunisamehe. »

Papa akamuwekea mukono ku kichwa.

« Nilikusamehe, mama. Lakini niende wapi? Niko hapa. »

Kyakimwa aliinuka akakimbia, Chadrack akamukamata pa kiosque ya Mama Honorine, na weye Mama Honorine mwenye kucheka sasa, usisahau kama siku ile ulikimbia mbele yake bila hata kujua sababu. Na asisimame muntu kusema mutandao njo ulimurudisha, Kyakimwa alirudi na miguu yake mwenyewe, mutandao ulimuliza bure tu.

Kyakimwa alimuomba baba yake apumuzike, akakataa, akasema wake amerudi, ba bengine bangali balala pa mulango, akaendelea kubaandikia benye mutandao kila wiki, mupaka ugonjwa wa sukari, wenye aliishi nao toka 2017, ukashika figo, akalazwa tarehe 2 mwezi wa kenda, na siku ya Mungu tarehe 19 mwezi wa kumi 2025, saa ine ya asubui, akatutoka, telefone yake iko mu mikono ya Kyakimwa.

Jana, siku mbili kisha kifo, ile telefone ikalia, mutandao ukaandika kama bamehakikisha Adrien iko muzima, karibu tena. Caleb alitaka kuitupa mu choo, Kyakimwa akamunyanganya, akakaa ku mukeka, akaanza kufungulia matangazo moja moja, sawa baba yake, na leo asubui mama mumoja wa Butembo ameandika kama mutoto wake amepatikana, iko Kipushi.

Familia inashukuru baganga na bauguzi wa hospitali, majirani, batransporteur wenzake, na Adalbert mwenye alimuandikia karatasi ya uzima, kisha kwa mukono uleule akamuandikia ile ingine. Ule mutandao hatuushukuru.

Ombi letu ni moja, foto yake musiiweke, mushumaa musiwashe mu telefone, na lile neno musiliandike kule hata mara moja, sababu bangali bantu mia mbili mule ndani banangojea, na machine inasoma. Lisemeni hapa, kwa mudomo, kwa nguvu, mbele ya jeneza lake.

Papa Muhindo, pumzika kwa amani, kule ndani utabaki muzima mupaka wa mwisho aonekane.