Tembo Aliyemsifu Mtoto Asiyejibu

Akina mama wenzangu mnaolea wajukuu, nawasalimu. Ninyi wadogo, shikamoo zenu nimezipokea mlangoni, kaeni. Mimi shule niliishia darasa la pili, maneno ya kupamba sina. Nimesimama kuwaeleza nilivyomharibu mjukuu wangu, na nilivyomtengeneza.

Binti yangu alipopata kazi Sengerema aliniachia mtoto wa kike wa miaka mitatu. Akaniachia na televisheni. "Mama, hii itakusaidia." Ikanisaidia kweli! Mimi naanika dagaa uani kwangu, Kirumba, kando ya ziwa, kazi ya kuinama toka asubuhi. Nikawa namwekea mtoto katuni na sahani ya wali, naendelea na yangu. Halii, hasumbui. Majirani wananisifu: "Bibi, mjukuu wako ametulia!" Kichwa kikanivimba. Ndugu zangu, nawaambia, mtoto mdogo akitulia mwaka mzima, nenda kamtazame.

Alipofikisha miaka minne na nusu nikampeleka chekechea. Wiki ya tatu mwalimu akaniita.

"Bibi, huyu nyumbani anaongea?"

"Anaongea."

"Anasema nini?"

Nikatafuta neno moja aliloniambia wiki ile. Nikalikosa. Mwalimu akasema mtoto akiulizwa jina lake anatabasamu tu, anasubiri. Hospitali wakapima masikio, mazima. Binti yangu akapiga simu: "Mama, kama umechoka sema. Muhula ukiisha namchukua." Nililia, mimi niliyepika mwenyewe, bila chozi, kwenye msiba wa mume wangu.

Kesho yake nikaacha dagaa, nikaketi naye mkekani nione hiyo televisheni inamfundisha nini. Alikuwepo tembo wa bluu, kavaa kaptula. Baba tembo hana kazi, mama tembo hashiki ufagio, na nyumba inang'aa! Nani anafagia? Hawasemi. Mara tembo akatugeukia: "Rafiki, mpira wangu uko wapi?" Mpira uko nyuma yake, hata mbuzi angeuona. Akanyamaza kidogo. Mjukuu wangu naye kimya, anatabasamu. Tembo akapiga makofi: "Vizuri sana! Umepata!"

Nikasimama. "Amepata nini, wewe? Mtoto hajafungua mdomo!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwaka na nusu mtoto anaulizwa, ananyamaza, anasifiwa. Darasani alikuwa anangoja makofi yake. Na mimi, bibi yake, nilikuwa simuulizi hata kama ameshiba.

Televisheni sikuivunja, si yangu. Nilisema nusu saa kwa siku, tukiwa wote wawili. Tembo akiuliza, nazima sauti. "Umeulizwa. Mpira uko wapi?" Nangoja. Siku ya kwanza tulingoja mpaka katuni ikaisha. Siku ya sita akanyoosha kidole, akasema polepole, "Nyuma." Akina mama, nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio akidhani tumeletewa posa.

Kisha nikamhamishia uani. Tunachambua dagaa, namuuliza: huyu dagaa, au ni kisamaki furu? Huyu mkavu au mbichi? Ajibu kwanza ndipo nimpe mwingine. Sasa kunguru wakitua anawatukana kwa Kisukuma. Msiniulize kafundishwa na nani.

Muhula ulipokaribia kuisha mwalimu akaniita tena. Nilikwenda. "Bibi, mwambie mjukuu wako awaachie wenzake nafasi. Sijamaliza swali, yeye keshajibu." Nikamwambia, mwalimu, sikusikia vizuri, rudia. Akarudia.

Binti yangu alivuka ziwa na kivuko kuja kumchukua. Hata mkoba hajautua, mtoto kamsimamia mlangoni: "Shikamoo mama! Mbona umechelewa? Umeniletea nini? Utalala kwetu?" Binti yangu akakaa pale pale kizingitini, akacheka huku anajifuta machozi. Habari ya kumchukua hakuitaja tena.

Namshukuru mwalimu yule, kijana mdogo, aliyeniambia ukweli bila kuogopa mvi zangu. Namshukuru na jirani aliyekuwa akianua dagaa wangu mvua ikinikuta nimekaa mkekani.

Nanyi nawaambia: televisheni iwasheni, lakini kaeni hapo. Mtoto muulize, kisha ungoje jibu lake, hata kama litachukua siku sita. Huyu wangu sasa hanipi nafasi ya kusema ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na sijawahi kunyamazishwa nikafurahi namna hii.