Mgongo Niliompa Tabitha

Sifa zimrudie Bwana, ndugu zangu! Nasimama mbele yenu nikiwa mwepesi, maana mzigo niliokuwa nao ameutua Yeye.

Mnanifahamu. Nafundisha darasa la pili hapa hapa Kariakoo. Kwa miaka mingi nilisifiwa kwa darasa kimya. Wazazi walisema, "Mpeleke kwa yule, atanyooka." Nami nilijivuna! Siri ya ukimya ule ilikuwa fimbo ya mpera iliyokaa juu ya mlango.

Mwaka jana aliletwa Tabitha, binti wa mama anayechoma mihogo nje ya soko. Wametoka Kusini. Asubuhi niliinamia daftari la mahudhurio, nikaita jina lake. Kimya. Nikaita tena. Kimya. Nikasema huyu ni mkaidi. Nikamhamishia benchi la nyuma, na kila asubuhi nikamchapa viboko viwili viganjani. Hakulia, ndugu zangu. Alinikazia macho usoni, nami nikazidi kukasirika.

Mama yake akaja shuleni. "Mwalimu, huyu mtoto si mtundu. Tangu ile homa..."

Nikamkatiza. "Mama Tabitha, wewe choma mihogo, niachie mimi kufundisha."

Watoto wakaangua kicheko. Mama akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Jumatano nikamwandikia mwalimu mkuu barua: mtoto hafundishiki, aondolewe. Akajibu kwamba atafuta jina lake Ijumaa.

Alhamisi mchana nilikaa kusahihisha imla. Nikafika kwenye daftari la Tabitha. Maneno manne ya kwanza, yote sahihi. Kuanzia la tano, patupu. Nikafunua imla ya wiki iliyopita: vile vile. Ya kabla yake: vile vile! Ni mkaidi gani huyu anayesubiri neno la tano ndipo akaidi?

Hapo Bwana akanifungua macho. Mimi nina mazoea yangu: maneno ya mwanzo huyasoma nimesimama mbele ya darasa, kisha huenda dirishani, nikaendelea kusoma huku natazama barabara. Nawapa mgongo.

Ijumaa asubuhi nilisimama nikamwelekea. Sikutoa sauti. Nilichezesha midomo tu: Tabitha, niletee chaki.

Akainuka. Akaleta chaki.

"Mbona mwalimu hajasema kitu?" mmoja akauliza.

"Tabitha mchawi!" mwingine akadakia.

Nilimpokea ile chaki, nikaona alama za fimbo yangu kiganjani mwake. Nililia mbele ya darasa zima, ndugu zangu. Mtoto alikuwa hasikii! Nilimchapa kwa ugonjwa wake.

Nikakimbilia ofisini. Jina lilikuwa halijafutwa, asante Yesu!

"Lakini barua umeandika mwenyewe," mwalimu mkuu akasema.

"Niliandika uongo, bwana."

"Na nani atamfundisha?"

"Mimi."

Akanirudishia barua, nikaichana pale pale. Jioni nikaenda sokoni kwa mama yake. Aligeuza mihogo yake juu ya jiko, hakunitazama.

"Nilikuja kukwambia, mwalimu. Wewe ndiye hukusikia."

Nikaomba radhi, watu wakipita. Akanisogezea kigoda. "Haya, kaa. Muhogo huu umeiva." Sijapata kula chakula kitamu kama kile.

Leo nina watoto watatu wasiosikia, mmoja anatoka Buguruni. Ile fimbo tumechemshia chai. Darasa langu sasa lina kelele, nami usiku nalala usingizi!

Mpendwa, labda nawe kuna mtu umemwandikia barua ya kumfuta. Ichane. Mungu hakunipa mgongo siku nilipostahili kupewa, wala wewe hatakupa. Mtumaini.

Nikiwa nasema polepole hivi, na uso wangu hautoki upande mmoja, mnisamehe. Tabitha amekaa pale benchi la mbele, na sitaki akose hata neno moja.