Propela ya Kapteni

Fundi cherehani alisinzia ndani ya basi, mfuko wa mapazia mapajani, mpaka propela ikamgonga goti. Jirani yake wa kiti alikuwa ameipakata kama mtoto mchanga.

"Hiyo ni ya boti za mbio," makanika aliyekaa mbele yao alidakia bila kuulizwa. "Yako ni ipi?"

"Ya tanga. Mtaani wananiita Kapteni."

"Basi umeula wa chuya, Kapteni. Boti ya tanga ni nzito, inataka propela ya kusukuma, si ya kukimbia. Kainjini kako katakoroma weee, kazimike katikati ya maji."

"Shemeji anayo kama hii! Kila Jumapili ananipita huku ananipungia mkono."

"Shemeji ana boti nyepesi."

"Na mimi nina hasira."

"Injini ikizima?"

"Si nina tanga, bwana? Natweka, narudi nyumbani."

Usingizi ukamruka fundi. Wiki iliyopita mke wa Kapteni alimletea tanga hilo hilo: "Nikatie mapazia, dada. Kapteni wangu ananunua propela ya mbio, hili la kazi gani tena?" Sasa limo mfukoni, limeshatiwa pindo.

"Au nasema uongo, dada?" Kapteni akamgeukia.

Basi likasimama.

"Nashuka hapa," akasema fundi, na kwake kulikuwa bado vituo vitatu.