Anukul Baroi na Bomba Jekundu la Nyumbani Kwake

Wapendwa waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake Nikhil, na kwa kuwa kaka hakupenda maneno ya kupakwa sukari, nitasoma mambo jinsi yalivyokuwa, anayechukia na achukie.

Marehemu Anukul Baroi alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 hapa Shalukdanga, wilaya ya Gopalganj, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane, baba akafariki, akashika jembe. Tarehe 6 Februari 1983 alifunga ndoa na Malati Halder, wakajaliwa mtoto mmoja, Shefali.

Mwaka 1999 mradi wa maji ulimwajiri kupima aseniki, sumu ya ardhini isiyo na rangi wala ladha, kwenye mabomba ya mkono: maji chupani, unga wa dawa, karatasi ndogo chini ya kifuniko, kisha kungoja kivulini bila kufungua, ikibaki nyeupe bomba linapakwa kijani, ni salama, ikigeuka kahawia linapakwa jekundu, lina sumu.

Mwaka 2012, wakwe watarajiwa wa Shefali wakiwa njiani kuja, alilipima upya bomba la nyumbani, karatasi ikawa kahawia. Malati akamwambia, "Baba Shefali, si ungoje mtoto aolewe, kwani rangi inaoza?" naye akajibu, "Mimi nasoma karatasi, sisomi nyuso za wakwe," akapaka. Wakwe hawakumaliza hata chai, maana sumu ile huota sugu mikononi, na nani ataoa nyumba ya mikono yenye sugu. Malati kwa hasira akaendelea kunywa maji yale yale, akimcheka, "Matamu kama dafu, njoo uonje, mwoga wee," hadi viganja vikawa kama gome la mti, na tarehe 17 Agosti 2016 ini likamwua.

Baada ya hapo kaka akaufunga mpini wa bomba kwa mnyororo na kufuli, ufunguo akauvaa shingoni, lakini kila asubuhi saruji ilikuwa imelowa, na mtungi wa Malati umejaa mlangoni pa jiko. Majirani wakamtania, "Mzee, mama bado anakuchotea." Yeye alipima, akaona kahawia, akamwaga, kwa miaka minane.

Alilazwa Novemba 2024 kwa saratani ya mapafu, akafariki tarehe 11 Januari 2025.

Leo asubuhi wanawake walipotafuta maji ya kumwosha, mtungi ulikuwa umejaa. Shefali akapima, na kwa mara ya kwanza karatasi ikabaki nyeupe kabisa. Shangazi yake Kusum akasema, "Mama amesamehe, mwosheni, na sisi tunywe." Shefali akafungua kufuli, akapima maji ya bombani, yakatoa kahawia iliyokolea, akasema, "Basi ya mtungini hayakutoka hapa, Shangazi, na mimi sinywi maji nisiyojua yametoka wapi," akayamwaga. Tukamwosha kaka kwa maji ya mvua ya tangini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa mradi, na majirani, hata waliotutania. Chai mliyokunywa ni ya maji hayo hayo ya mvua, msiwe na wasiwasi, na bomba litabaki jekundu.

Pumzika kwa amani, kaka, na ukimkuta Malati, mwambie inatosha, asituchotee tena.